Kipuri chepesi, nauli nzito: hesabu ya vipuri vya magari ya kasi hadi Bukoto

KAMPALA, Uganda – Boneti ya kaboni faiba ya gari la kasi huwa na uzito wa kilo 7 hivi. Ikifungwa vizuri ndani ya boksi lenye mbao, inafika kilo 12. Lakini mwagizaji wa Bukoto akiisafirisha kwa ndege, anaweza kujikuta amelipia kilo 65. Ikivunjika njiani, fidia itahesabiwa kwa zile kilo 12.

Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wanaoingia katika biashara ya vipuri vyepesi hupoteza mtaji. Nauli hupimwa kwa nafasi ambayo mzigo unachukua, fidia hupimwa kwa uzito wake halisi, na ushuru hutozwa kwa thamani. Kipuri chepesi, kikubwa na cha bei ghali huumia katika vipimo vyote vitatu. Makala hii inaeleza hesabu hiyo tangu kwa muuzaji wa nje hadi gereji ya Bukoto, pamoja na mambo ya kuangalia wakati wa kufunga.

Soko lenyewe

Uganda ina mashabiki wengi wa mbio za magari. Mwaka 1999 Mganda Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika wa mbio hizo akiendesha Subaru Impreza. Tangu wakati huo Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution yamekuwa magari yanayopendwa sana, kwa wanaoshindana na hata kwa wanaoyaendesha mjini tu.

Bukoto ipo Divisheni ya Nakawa, kati ya Kamwokya, Ntinda, Naguru na Kisaasi. Kwa mwagizaji ni mahali pazuri. Makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) yapo Nakawa, si mbali. Malori yanayotoka Malaba kwa barabara ya Jinja yanaweza kushika barabara ya mchepuko ya kaskazini kuanzia Bweyogerere bila kupita katikati ya mji. Vipuri vya kawaida hupatikana katika soko la Kisekka, katikati ya Kampala. Vile vyepesi vya mashindano huagizwa kwa oda.

Vyanzo vikubwa ni vitatu. Japani hutoa vipuri halisi, vipya na vilivyotumika. Dubai na Sharjah huuza vya aina zote, halisi na vya kuiga, na mteja anaweza kwenda kujionea mwenyewe. Uingereza hutoa zaidi vifaa vya mashindano kama viti na mikanda.

Kwa nini watu hulipia wepesi

Chukua Lancer Evolution IX ya soko la Japani. Ina uzito wa kilo 1,400 hivi na nguvu za farasi 280 zilizotangazwa na kiwanda, sawa na kilo 5 kwa kila farasi mmoja. Ukiondoa kilo 70, kila farasi atabeba kilo 4.75. Ili kufikia uwiano huo bila kupunguza uzito, injini ingehitaji kuongezwa farasi 15. Zaidi ya hapo, gari jepesi hufunga breki kwa umbali mfupi na huchosha matairi na disiki polepole zaidi, jambo ambalo injini kubwa haliwezi kulifanya.

Hata hivyo, kilo zote hazina thamani moja. Kilo iliyopunguzwa kwenye rimu, tairi au disiki ya breki ina faida kubwa kuliko ile iliyopunguzwa kwenye kiti, kwa sababu sehemu hizo zipo chini ya springi na pia huzunguka. Kilo iliyopunguzwa juu, kama kwenye paa, husaidia gari lisilale sana kwenye kona.

Mteja aulizwe pia gari lake lina nini tayari. Evolution VIII na IX zilitoka kiwandani zikiwa na boneti ya aluminiamu. Mwenye gari hilo akiibadilisha kwa kaboni faiba atapunguza kilo chache tu. Mwenye gari la boneti ya chuma atapunguza nyingi zaidi kwa pesa ileile. Mfanyabiashara anayemweleza mteja ukweli huu mapema hupoteza oda moja na kubaki na mteja.

Ndege: pima boksi kabla ya kupima kilo

Mashirika ya ndege hulinganisha uzito halisi na uzito wa ujazo, kisha hutoza ule mkubwa. Kanuni inayotumika sana kwa mizigo ya ndege ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000, na hivyo hutoza zaidi kwa boksi lilelile.

Hii hapa ni mifano. Vipimo vya maboksi ni vya kukadiria, kila mtu apime la kwake:

- Boneti, boksi la 150 x 130 x 20: sentimita za ujazo 390,000. Gawanya kwa 6,000, unapata kilo 65. Ukigawanya kwa 5,000 ni kilo 78. Uzito halisi ni kilo 12.
- Kiti cha mashindano, boksi la 95 x 60 x 65: karibu kilo 62 za ujazo. Uzito halisi pamoja na boksi ni kilo 10 hivi.
- Rimu ya inchi 17, boksi la 48 x 48 x 25: kilo 9.6 za ujazo. Uzito halisi na boksi lake ni kilo 9. Rimu nne ni kilo 38.4 za ujazo dhidi ya kilo 36 halisi.

Tuseme wakala wa usafirishaji anatoza dola 5 kwa kilo. Boneti moja itagharimu dola 325 za nauli. Rimu nne zitagharimu dola 192. Kwa mtazamo wa nauli peke yake, rimu ni biashara bora zaidi: boksi lake limejaa mali, halikujaa hewa. Na kama ilivyoelezwa, rimu ndiyo inayompa dereva faida kubwa kwa kila kilo.

Boneti, bampa na viti vinafaa kwenda kwa meli katika kontena la kuchangia, ambako nauli huhesabiwa kwa mita za ujazo. Boneti ile ni mita 0.39. Kwa dola 150 kwa mita, kwa mfano, nauli ni dola 58.50. Muulize wakala kama ana kiwango cha chini, kwani wengi hutoza mita 1 nzima hata mzigo ukiwa mdogo. Ndiyo maana inafaa wateja wawili au watatu waunganishe oda. Nafasi tupu ndani ya boksi la kiti inaweza kubeba usukani na vioo vya pembeni. Ila kila kitu kiandikwe kwenye orodha ya vifurushi, kwa sababu mkaguzi wa forodha akikuta kitu ambacho hakikutajwa, akiba yote itaishia kwenye faini.

Fidia hailingani na bei

Safari nyingi za mizigo ya ndege kati ya nchi na nchi huongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Chini ya mkataba huo, dhima ya shirika la ndege kwa mzigo ulioharibika au kupotea ina kikomo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni SDR 26 kwa kila kilo. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa.

Kwa boksi la kilo 12, hiyo ni SDR 312, au dola 400 na ushei. Ikiwa boneti ilinunuliwa kwa dola 900, zaidi ya nusu ya mali haina kinga. Kwa mzigo wa diski za chuma au giaboksi pengo hilo si kubwa hivyo, kwa sababu kilo ni nyingi. Kwa kaboni faiba pengo ni kubwa.

Njia za kujikinga ni mbili. Ya kwanza ni kutangaza thamani ya mzigo kwenye hati ya ndege wakati wa kuukabidhi na kulipa nyongeza inayotakiwa. Ya pili ni kukata bima ya mizigo inayofunika safari yote hadi gereji, si hadi Entebbe au Mombasa tu. Msafirishaji wa lori naye ana wajibu: kaboni faiba haikunjiki kama bati, hupasuka. Isiwekewe mzigo juu, na isifungwe kamba katikati. Mpokeaji afungue boksi mbele ya dereva, na aandike uharibifu kwenye hati ya kupokelea kabla ya kutia sahihi.

Betri ya lithiamu si kipuri cha kawaida

Betri ya kawaida ya risasi na asidi ina kilo 15 hivi. Ya lithiamu inayoweza kuwasha injini hiyohiyo inaweza kuwa na kilo 4. Ni kilo 11 kwa boksi dogo, kwa hiyo wafanyabiashara huipenda.

Lakini kwa ndege betri hizi ni mzigo wa hatari. Betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake, zenye namba UN3480, hazibebwi kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu tarehe 1 Aprili 2016. Hubebwa na ndege za mizigo tu, na chaji isizidi asilimia 30 ya uwezo wake. Zinahitaji ufungaji maalum, lebo na tamko la msafirishaji. Anayeificha ndani ya boksi la rimu au kwenye begi lake anahatarisha maisha ya watu, na akikamatwa mzigo wote unazuiwa.

Forodha: si kila kipuri kina kodi moja

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kuandika mzigo wote "vipuri vya gari" kwenye ankara. Forodha haitambui jina hilo. Kila kifaa kina namba yake:

- Boneti na sehemu nyingine za bodi: 8708.29
- Breki na sehemu zake: 8708.30
- Rimu: 8708.70
- Ekzosi: 8708.92
- Usukani: 8708.94
- Viti vya magari: 9401.20
- Betri za lithiamu-ioni: 8507.60

Kiti kimo katika sura ya samani na betri katika sura ya vifaa vya umeme, ingawa vyote vinafungwa kwenye gari. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kuna kiwango cha nne cha asilimia 35. Kwa hiyo namba ikikosewa, bei yote inabadilika.

Mfano: mzigo wenye thamani ya dola 1,000, ikijumuisha bima na nauli. Kwa ushuru wa asilimia 10, unalipa dola 100. VAT ya Uganda ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya 1,100, yaani dola 198. Kodi ya zuio ya asilimia 6 kwa asiye na msamaha ni dola 60. Jumla ni dola 358, bila tozo nyingine ndogo. Kwa ushuru wa asilimia 25, jumla inakuwa 250 na 225 na 60, yaani dola 535. Tofauti ya dola 177 inatosha kumaliza faida. Muulize wakala wa forodha namba na kiwango kwa maandishi kabla ya kulipa muuzaji, si baada ya meli kutia nanga.

Mambo mengine ya kuzingatia:

*Mombasa na Dar es Salaam.* Chini ya mfumo wa himaya moja ya forodha ulioanza mwaka 2014, nyaraka za mzigo wa Uganda hushughulikiwa na kodi hulipwa URA mzigo ungali bandarini. Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala kupitia Malaba au Busia. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,600 kupitia Mutukula.

*Cheti rahisi cha uasili.* Wapo wanaonunua rimu za Kijapani Nairobi na kudhani zitapita Busia kwa cheti kile cha wafanyabiashara wadogo, cha bidhaa zisizozidi dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Rimu ya Japani haigeuki kuwa ya Kenya kwa kulala Nairobi.

*Ukaguzi wa ubora.* Shirika la viwango la Uganda, UNBS, lina mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijaondoka nchi zinakotoka. Ulizia kama mzigo wako unahitaji cheti hicho, kwa sababu hakipatikani kirahisi mzigo ukishafika.

*Magari ya mashindano yanayovuka mpaka.* Gari la Kenya linaloingia Uganda kwa mbio huingizwa kwa muda, na vipuri vya akiba huorodheshwa pamoja nalo. Rimu zilizoorodheshwa zirudi zilikotoka. Zikiuzwa Bukoto baada ya mashindano, kodi inadaiwa, na aliyesaini nyaraka ndiye atakayetafutwa.

Vipimo kabla ya oda

Rimu nzuri isiyoingia kwenye gari ni mzigo mfu. Matundu ya Subaru Impreza STI za mwaka 2004 kurudi nyuma yapo kwa kipimo cha 5x100. Za kuanzia 2005 ni 5x114.3. Lancer Evolution ni 5x114.3 pia, lakini tundu lake la katikati ni milimita 67.1 wakati la Subaru ni 56.1. Rimu ya Evolution itaingia kwenye STI ya 2005 kwa msaada wa ringi ya katikati. Rimu ya Subaru haitaingia kwenye Evolution. Nati nazo hutofautiana: Subaru ni 12x1.25, Mitsubishi ni 12x1.5. Zikilazimishwa, bolti zinaharibika. Na gari lenye breki kubwa za Brembo linahitaji rimu isiyopungua inchi 17.

Kwa rimu tafuta alama ya JWL, ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi, na alama ya VIA inayoonyesha kwamba kiwango hicho kilithibitishwa na chombo huru. Rimu ya kuiga inaweza kuwa nyepesi kwa sababu tu chuma chake kimepunguzwa. Kwenye shimo la barabara hupasuka, na dereva hana muda wa kuuliza ilinunuliwa wapi.

Viti na mikanda ya mashindano vina mwisho wa matumizi. Kiti chenye kiwango cha FIA 8855-1999 huhesabiwa miaka 5 tangu kilipotengenezwa, si tangu kiliponunuliwa. Kiti cha miaka 3 kinachouzwa rahisi Sharjah, kikikaa miezi 2 baharini na mwaka mzima dukani, kitamfikia mshindani kikiwa kimebakiza chini ya mwaka mmoja. Omba picha ya lebo kabla ya kulipa.

Kwenye gereji

Boneti ya kaboni faiba ifungwe kwa pini mbili za ziada mbele. Ni nyepesi, na upepo wa mwendo kasi huinyanyua ikiwa imeshikwa na komeo la asili pekee. Ifungwe kwa kubonyeza pande zote mbili, isiachiwe idondoke. Pale kaboni inapogusana na aluminiamu, fundi aweke washa za plastiki katikati, kwa sababu unyevu ukiingia aluminiamu huliwa. Anayeikata au kuipiga msasa avae barakoa, vumbi lake si la kuvuta.

Nati za rimu zikazwe kwa spana ya kipimo, karibu Nm 100 kwa Subaru, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Betri ya lithiamu iwekwe mbali na joto la injini, na isichajiwe kwa chaja ya betri za asidi isiyo na sehemu ya lithiamu. Kiti kifungwe kwenye mabano yaliyokusudiwa kwa gari hilo. Sakafu iliyotobolewa bila kuwekewa bamba la kuimarisha haitashikilia kiti siku ya ajali.

Viko pia vitu ambavyo havifai kuondolewa. Ngao ya chuma chini ya injini ni nzito, lakini kwenye barabara za murram ndiyo inayookoa sampu. Vioo vya polikaboneti huchunika haraka kwa vumbi, na kioo cha mbele kibaki kile cha tabaka. Kwa gari la barabarani, tairi la akiba na jeki vibaki. Mwenye gari aiarifu pia kampuni yake ya bima kuhusu mabadiliko, ili dai lisije kukataliwa.

Mpangilio wa oda

Kwa kifupi, oda nzuri hufuata mpangilio huu: pima gari la mteja, omba vipimo vya boksi pamoja na uzito, hesabu ujazo kwa 6,000 na kwa 5,000, pata namba ya forodha kwa maandishi, kata bima kwa thamani kamili, ndipo ulipe. Kwa mtaji mdogo, anza na rimu na pedi za breki, ambazo boksi lake halina nafasi tupu. Boneti na viti visubiri kontena la kuchangia.